Aliyeuma Kijiko

Mama yangu anaitwa Nergui, maana yake: hana jina.
Bibi alikwisha kuzika watoto wawili waliopewa majina mazuri;
wa tatu akamficha ndani ya neno tupu,
ili pepo akibisha hodi hemani na kuuliza, nani huyu?
ajibiwe kweli tupu, aende zake.
Mjomba naye ni Enebish: siye huyu.
Ndio ukoo wetu. Tulijua ulinzi kabla ya umeme.

Mimi nilipewa jina la kuonekana, Yanjmaa,
nikalipeleka Ulaanbaatar, nikalibandika kila mahali:
juu ya kibanda changu cha kutengeneza simu sokoni Narantuul,
chini ya picha yangu, kwenye daftari kubwa la kampuni
ambamo majina ya watu yamepangwa kama chupa dukani.

Januari, nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
Yanjmaa mwingine akamwandikia mama:
Niko hospitali. Tuma upesi. Usipige, sauti imekauka.
Picha yangu. Jina langu, herufi kwa herufi.
Mama akauza kondoo kumi na wawili, na yule mwenye kovu.

Nilikwenda kwa wenye daftari. Kijana mwenye tai akaniambia
jina ni la aliyewahi.
Nikamuuliza: na uso?
Akatazama saa.

Basi Machi nikapanda treni ya usiku hadi Sainshand,
safari ya saa kumi, chai ya chumvi na miguu ya watu wengine,
nikiwa na simu mbili na programu isiyo na mwenyewe:
hakuna daftari kubwa, hakuna karani, hakuna chupa.
Kila simu huzaa ufunguo wake, tarakimu sitini na nne,
mlolongo wa kutegua ulimi.
Haukaririki, haughushiki. Lakini nani atamwita bintiye
sifuri-saba-tatu-tisa-tisa?
Mama aliuliza hivyo hasa, huku akichochea jiko kwa samadi kavu.

Nikamwambia: jina utampa wewe.
Litakaa kwako tu, kifuani, kama kichupa cha ugoro.
Tukagusanisha simu mgongo kwa mgongo, zikalia mara moja,
ufunguo wangu ukavuka,
na kisanduku kikamsubiri.

Alifikiri muda mrefu. Maziwa yakafurika.
Kisha akaandika kwa kidole kimoja: Aliyeuma Kijiko.
Nilikuwa na miaka miwili; kijiko kilikuwa cha fedha, cha babu;
alama za meno bado zipo. Hakuna mwizi wa kuota hilo,
na akiota, haidhuru:
jina halifungui chochote, ufunguo ndio unaolibeba jina.

Sitasema ni dawa ya yote. Mei
ngamia aliikanyaga ile simu kisimani, na ufunguo wa mama ukafa nayo.
Hakuna wa kumlilia, hakuna wa kukuuliza, umesahau nywila?
Treni tena, saa kumi tena, mgongo kwa mgongo tena.
Mjomba yuko mbali malishoni, sijagusana naye;
mama ndiye aliyegusana naye, akanipa ufunguo wake,
kwa hiyo kwangu anaitwa Siye Huyu wa Mama,
na ninamwamini kwa kadiri ninavyomwamini mama,
ambaye hukopesha kila apitaye.

Oktoba yule Yanjmaa akarudi. Hospitali tena.
Simu ya mama ikaonyesha tarakimu tupu na swali: huyu ni nani?
Akamsomea Enebish kwa sauti, wakacheka hadi mbwa wakabweka,
kisha akampa naye jina, maana mgeni haachwi mlangoni hivi hivi:
Mla Kondoo Kumi na Watatu.

Mimi, kisanduku changu kiliponiuliza nimwite nani mama,
nilikiacha kitupu.
Simu ikakataa: jina linahitajika.
Nikaandika Nergui.