Mkia wa Nguchiro

Kilembe. Mvua imekata umeme.
Masika anakoroga maharage, anasimulia:
Mama nguchiro alivuka mto na wanawe.
Wa kwanza aliuma mkia wa mama,
wa tatu akauma mkia wa wa kwanza…

"Na wa pili?"

Kabugho hadanganyiki. Kwetu jina ni hesabu:
Masika binti wa kwanza, Kabugho wa tatu.
Kila aitwapo, mbele yake pana nafasi,
pengo la jino
ambalo ulimi hauachi kuligusa.

Mwiko ukasimama sufuriani.

Mama, ambaye hasimulii kamwe,
alikuwa anachambua kahawa kwenye ungo.
Hakuinua macho.
"Wa pili yuko katikati," akasema.
"Asipokuwepo, mkia haufiki."
Punje ikamponyoka. Akaitafuta gizani kwa vidole,
akaipata, akaipuliza vumbi.

Basi Masika akarudi mwanzo kabisa.
Safari hii mto ulikuwa mpana zaidi,
maji yalifika shingoni,
na nguchiro mmoja mwenye kelele, jina lake Biira,
alilalamika njia nzima
kwamba huyu mdogo wake
anauma mno.