Safu ya Saba

Fomu ya serikali ina safu tisa:
jina, jinsia, umri, nyumba ya bati au ya nyasi,
choo kipo au hakipo,
ng'ombe, mbuzi,
na ile ya saba: Anatoka wilaya gani?
Nimeijaza mara elfu mbili na ushei
hapa gombolola ya Nahasere,
kwa kalamu inayovuja wino kidoleni,
nikikaribishwa kiti chenye miguu mitatu na nusu.

Mimi ni Logose, karani.
Watu wangu nawajua kwa kodi wasiyolipa
na kwa vikohozi vyao gizani.
Higenyi alificha mbuzi wanne chumbani
akidhani nimekuja kutoza.
Wakalia wenyewe. Nikawaandika.
Bibi Nahirya ana miaka "ya kutosha",
na mwanawe Mulabbi hesabu yake ngumu:
analala huku, anakula kwa mjane wa ng'ambo ya mfereji.
Nimwandike nyumba ipi?
Mwandike kwenye sufuria, bibi akasema.

Kisha ile nyumba karibu na kinu cha mpunga.
Tofazzal.
Alikuja na mradi. Mradi ukaenda zake,
yeye akabaki, na viatu vyake vya mpira,
na wimbo mmoja kutwa: mstari, mstari,
mpunga si nywele za mwendawazimu!
Tulimcheka.
Mavuno yalipofika, magunia yakatucheka sisi.

Kiswahili chetu sote ni cha kuazima.
Yeye alikiokota kwa wanunuzi wa mchele,
mimi kambini, kwa baba yangu askari.
Tunakivaa kama koti la mtumba:
mikono imepita vidole,
lakini baridi haiingii.

Bwana, unatoka wilaya gani?

Hakujibu. Alivunja bua la muwa
akachora kwenye tope la uani.
Hapa mto. Unahama bila kuaga.
Hapa shule, imejengwa mara tatu,
mto umeila mara mbili.
Hapa ofisi, ina karani,
na wino kidoleni mwake.
Hapa soko la Jumanne. Hapa mifenesi.
Na hapa ndugu wawili wanagombea mpaka wa shamba
ambalo sasa liko chini ya maji.
Bado wanagombana.

Hiyo ni Nahasere, nikamwambia.
Hapana, mama karani. Hii ni Kolmichori.
Nikamnyoshea kidole:
mto wetu ule, uliomeza daraja mwezi wa tano,
shule ile, paa lake limeangukia kijiji cha pili,
na soko letu ni Jumatano.
Akafikiri.
Basi tumepishana siku moja.

Manyunyu yakaanza. Mto wake wa bua ukajaa maji ya kweli,
bata akakatiza katikati ya soko la Jumanne.
Tofazzal akamwangalia bata, si mimi, akasema:
Kule nako wanahesabu.
Karani akija huandika mbele ya jina langu: hayupo.
Mama humshika mkono.
Andika yupo, humwambia, amekwenda shambani.
Miaka kumi na miwili, mama karani.
Shamba gani hilo?

Sikuwa na safu ya swali hilo.
Ya saba ina visanduku kumi.
Nikahesabu herufi kwa ncha ya kalamu,
K, o, l, m, i...
Zikaenea zote, hata kimoja hakikubaki.

Wiki ya tatu fomu ikarudi kutoka mjini
na mhuri wa zambarau, na mwandiko wa haraka:
Hakuna wilaya ya jina hilo. Rekebisha.

Niliiweka mezani siku nzima.
Mvua ilipiga bati, mafaili yakavimba,
Higenyi akaja kulalamika kuwa mbuzi wamekuwa sita.

Jioni nikairudisha vilevile.
Pembeni tu, kwa penseli, nimeongeza:
Ipo. Imekwenda shambani.