Siwa Kabla ya Jina

Hati niliiandika mimi, ukumbini Mtangata,
kwa wino wa masizi, mkono wangu ungali imara:
vitambaa arobaini vya Kambaya, pembe sita za ndovu,
siwa ya Kaole irudishwe kwa wenyewe,
na Mwana Jahi binti Mgeni aolewe na mfalme wetu Chande.
Kadhi akasoma, watu wakaitikia amina.
Nikalipwa pishi mbili za mtama na kuku mwenye chongo.

Sikuandika kwamba bibi harusi alikuwa na kaka,
Hamadi, aliyekufa kivukoni Pangani, maji ya magoti,
na mkuki uliomtoa roho ulikuwa wa bwana harusi.
Kwa nini niandike? Kila aliyekula wali ule alijua.
Damu hulipwa kwa damu, au kwa tumbo la mwanamke,
na wazee, waliokwisha choka kuzika, walichagua tumbo.

Wala sikuandika kwamba Mwinyi Kae, mdogo wa mfalme,
alikaa karamuni bila kunawa mikono.
Vita vilipokuwapo alikuwa jemadari.
Amani ilimfanya mdogo wa mtu.

Siku ya nane bibi aliniita.
Akataka, nyuma ya pazia, nimsomee alivyouzwa.
Nikasoma. Akauliza:
"Siwa umeitanguliza, jina langu likafuata?"
Nikasema ndio utaratibu wa hati.
Akacheka kidogo, kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki
na hataki wageni wajue.

Miaka mitatu tulilala bila zamu ukutani.
Ushuru wa bandari uligawanywa nusu kwa nusu,
wakabaki kugombana makarani tu.
Kisha likaja bakuli kutoka kwa baba yake,
la Kichina, kijani cha embe bichi,
limezungushiwa uzi wenye mafundo kumi na moja.
Watu wakasifu bakuli. Yeye alihesabu mafundo.

"Usiku wa kumi na moja," aliniambia,
"baba anataka nifungue mlango wa kusini.
Andika jibu."
Nikaandika, barua fupi kuliko zote za maisha yangu:

Bakuli limefika.
Uzi umekatika.

Usiku huo nilikwenda mwenyewe kutazama.
Komeo lilikuwa mahali pake. Nililigusa.
Nilikuwa bado kivulini alipokuja Mwinyi Kae
akaliondoa kwa mikono miwili, taratibu,
kama mama anayemvua nguo mtoto aliyelala.

Mfalme Chande alifia kizingitini, kiatu kimoja mguuni.
Kae akawafukuza Kaole kulipokucha,
akatawazwa adhuhuri,
na alasiri akaniagiza niandike: mwanamke alifungua.
Nikaandika.
Nikalipwa pishi kumi.

Mtangata wakasema amewasaliti.
Kaole wakasema amewasaliti.
Tangu ile ndoa, ndilo jambo la kwanza walilokubaliana.
Alifia Kigombe, kwa watu baki, akisuka ukili.
Bakuli wamelijengea kwenye nguzo ya kaburi la mumewe
na Kae huwaonyesha wageni.

Sasa mkono unatetemeka.
Hata hivyo nimetafuta karatasi safi, nimekoroga wino.
Mwana Jahi binti Mgeni: nimeanza hapo.
Komeo lilikuwa mahali pake.
Siwa nitaiandika, nafasi ikibaki.