Mikungu Mitatu

Mimi ni daktari wa meno, hapa Moshi.
Miaka kumi na tisa nimesikia uongo
ukitoka kwenye vinywa vilivyo wazi:
Napiga mswaki mara mbili, dokta. Sukari sigusi.
Nami hutazama tundu, sisemi neno.

Sasa fomu ya bima iko mezani, kalamu ni yangu,
na nafasi ya kujaza imeachama kama mgonjwa:
Eleza uzito wote uliokuwa ndani ya ndege.

Februari, Jumapili, saa saba mchana.
Tungeondoka asubuhi. Saa moja hewa ya Moshi
ni nzito kama uji wa ulezi, bawa huiegemea, ikabeba.
Lakini shemeji alikuwa kanisani, mnada wa mavuno ukarefuka,
akatoka na mikungu mitatu ya mshare
aliyoinunua kwa kushindana na mtunza hazina.
Tanga hawana ndizi, alisema.
Wanazo, nilisema.
Tukapakia.

Mizani ipo, ukutani mwa banda la ndege.
Sikuitumia.
Jua lilikuwa limeilamba hewa
hadi ikabaki nyepesi kama mchuzi wa hoteli ya stendi.

Tulikimbia kuelekea kusini, mlima mgongoni.
Alama ya nusu ya uwanja ikapita,
pale ambapo rubani hukata shauri, na sikulikata.
Magurudumu yakaiachia ardhi shingo upande.
Futi hamsini. Sitini. Hamsini na tano.
King'ora cha bawa kikaanza, sauti ya mbu mwenye njaa.

Kila msuli wa mkono ukaniambia: vuta.
Mwili haujui kuruka. Mwili unajua kupanda mti tu.
Akanijia Kapteni Haikaeli, aliyenifundisha Arusha
huku akitafuna karanga, ganda moja sakafuni kwa kila kosa langu:
"Bawa likilia, shusha pua.
Hata kama chini ndiko unakokuogopa.
Na usigeuke. Uwanja ulio nyuma yako ni wa mtu mwingine."

Nikashusha.
Shemeji aliacha kusali, akaanza kupiga kelele.
Miwa ikatupokea, mirefu, mibichi,
ikikatika kama meno (samahani, ndilo neno nilijualo),
mia, elfu, kila mmoja ukitupunguzia mwendo kidogo,
kisha kimya, na harufu ya petroli na sukari.
Shemeji: ubavu mmoja.
Mimi: jino. La mbele. Wagonjwa wangu wanafurahi sana.

Watoto wa wakata miwa walifika kabla ya polisi.
Wakaubeba mshare wote kichwani, hadi chane ya mwisho,
na jioni kambi nzima ilinukia mtori.
Mkaguzi alipokuja Jumanne na kamera na viatu vyeupe
hakukuta hata ganda.

Bi. Anansia wa bima alinisomea masharti kwa simu, polepole:
miwa ya watu italipwa, hilo halina mjadala.
Ndege italipwa ikiwa, akameza mate,
ikiwa rubani hakuvuka kikomo cha uzito.
Miaka minane nimelipa, kila Januari, kabla ya ada za shule.
Nilimziba Bi. Anansia magego mawili, bila maumivu.
Nikataja ndizi.
"Ndizi gani, dokta?" akasema. "Simu inakatakata."

Haikuwa inakatakata.

Jana nilikwenda sokoni, nikachagua mkungu wa ukubwa ule ule,
nikaupeleka bandani, nikauweka juu ya mizani.
Mlinzi alinitazama kama mtu anayempima mtoto aliyekufa.
Kilo thelathini na moja.
Nikazidisha kwa tatu. Nikaongeza shemeji
kama alivyo, si kama asemavyo.

Nimeiandika namba. Nimeiandika kwa maneno pia.
Bahasha bado haijafungwa.
Mkungu uko jikoni, umeanza kuiva,
na mke wangu anauliza
ndizi zote hizi ni za nani.