Jicho la Kwale

Rawalpindi, karakana ya nane kutoka reli,
nyundo huamka kabla ya adhana.
Fundi Zarwali ameketi juu ya debe la mafuta,
mkononi brashi ya nywele za mkia wa kindi.
Siku ya nne sasa, jicho moja tu.

Lori zima alilimaliza kwa wiki tano:
mawaridi kwenye bampa, vijikengele chini yake,
mlima wa theluji ambao hajawahi kuukanyaga,
na kwale, ubao wa nyuma,
mkubwa kama mtoto wa darasa la pili.
Jicho ndilo lililomgomea.
Juzi alilikwangua. Jana alilikwangua.
Chai aliyoletewa imefanya utando, ikapoa, ikamwagwa.

Mimi, mwosha brashi, nikamwuliza:
"Nani atalitazama, Fundi,
lori likikata kona na vumbi lake?"
"Lenyewe litanitazama," akasema,
akacheka, au alikohoa;
rangi ilishamwingia kifuani miaka mingi.

Magharibi akaja mwenye lori, Haji Sabzali,
anayetaja siku kama anayehesabu noti:
matufaha yako Hunza, yanalainika,
ama naondoka usiku huu ama unanilipa.
Nilijua atakataa.
Nilijua kwa sababu mimi ningekataa.
Akatia tone jeupe, dogo kuliko yai la chawa,
akashuka kwenye debe, akafuta vidole.
"Chukua."
Rangi bado mbichi.

Lilirudi baada ya vipupwe viwili.
Mwamba ulimparua kwale ubavu mzima,
jua limeunywa wekundu wa mdomo wake.
Jicho, hata hivyo, lilikuwa jicho.
"Futa," akasema Haji. "Safari hii nataka mwewe."

Niliisubiri hasira yake, niliiandalia hata nafasi.
Fundi alisimama mbele ya kwale
muda wa kuvuta sigara moja, na hakuvuta.
Akaniagiza msasa, ule mkali.
Akasugua mkia, mabawa, shingo,
vumbi jekundu likamjaa kwenye nyusi.
Jicho aliliacha mwisho,
na mwisho ulipofika akalisugua vilevile,
si kwa haraka, si kwa kusitasita.

Kisha akanipa ile brashi ya kindi,
mimi, ambaye sijapaka hata ua.
"Mwewe anaanzia wapi?" nikauliza.
Hakunijibu.
Alikuwa juu ya debe lake, anapuliza chai,
na leo aliinywa ingali moto.