Dakika ya Kumi Baada

Nimeazima kibanio kimoja kwa dobi wa hospitali,
cha mbao, kinanukia sabuni ya mche,
nikambana nacho Kalunde pua.
"Pumua kwa mdomo," nikasema,
"hewa iingie ilivyo, kavu, haijapashwa moto."

Ni Julai. Asubuhi ya Tabora inakwaruza koo,
vumbi bado limelala juu ya mikaratusi.

Mashine ya kukimbilia hatuna.
Tuna njia ya nyuma, toka kwa dobi hadi lango la magari,
na saa yangu ya mkononi,
na bomba la plastiki lenye mshale mwekundu:
ulipulize kwa nguvu zako zote, likutajie namba.

Kabla ya mbio: mia nne na kumi.

Barua ya shule ninayo mfukoni.
"Binti huyu ni mvivu. Hukohoa akishamaliza,
kamwe si akiwa mbioni."
Mwalimu Nkwabi,
umeona vyema, ukasoma vibaya.

Akakimbia dakika nane,
viatu vya kaka yake vikiparaza kokoto.
Akakimbia vizuri mno, hata mama yake akanigeukia:
"Unamkimbiza mgonjwa ili iweje?"
"Ili augue mbele yangu," nikajibu,
na jibu lenyewe likanikaa vibaya mdomoni.

Dakika ya kwanza: mia nne.
Ya tano: mia tatu sabini na tano, na kikohozi kidogo,
kama mgeni anayebisha hodi asijue kama wenyeji wamo.
Ya kumi: mia tatu na kumi.
Kifuani filimbi, nyembamba,
garimoshi la Mpanda likiwa bado mbali.
Karibu robo ya pumzi imepotea
naye ameketi tu kwenye benchi.

Pampu ilikuwa tayari, kifuniko nimeshakivua.
Akainua kidole: ngoja.
Akalivuta daftari langu, akaitazama namba,
akacheka, kicheko kikakatwa na kikohozi.
Sijapata kuona mtoto akifurahia alama iliyoshuka.
"Iandike," akasema, akivuta pumzi kati ya maneno,
"kwa kalamu nyekundu. Mwalimu... hiyo anaijua."

Mikupuo miwili. Mabega yakashuka.
Mama alikuwa ameshika viatu vyote viwili,
akivikung'uta, akivikung'uta, ingawa vimeshatakata.

Mchana dobi akaja kudai kibanio chake.
Shati moja, alisema, limeanguka vumbini.