Godoro la Shangazi Bosibori

Usiku wa kwanza baada ya shangazi kuondoka
nililala mimi pale sebuleni,
nionje tu.
Saa nane mgongo ukagusa sakafu.
Saruji ya Tasia, mwezi wa saba,
haina huruma na figo za mtu.

Majuma matatu alilala hapo,
kila asubuhi akisema, "Nimelala kama mtoto,"
mkono mmoja umeshika kiuno,
nami nikimmiminia uji, nikiamini.

Basi leo nimelijaza tena kwa mdomo.
Pampu ilikufa zamani, ikazikwa na waranti yake.
Kizunguzungu. Nikakaa chini. Nikapuliza tena.
Nikatega sikio kwenye mshono,
kona kwa kona,
na kila nilipokaribia kusikia
ndege ikashuka Embakasi
ikafagia nyumba nzima kwa mngurumo.
Nikangoja.
Ikaja nyingine, ya mizigo.

Bahati ni Jumanne, maji yapo.
Nikakoroga sabuni ya unga kwenye karai,
nikapaka kwa sifongo cha vyombo, polepole,
mpaka hapo chini ya kizibo
povu likaanza kuchemka bila moto:
viputo vidogo, vidogo, kimoja kikisukuma kingine.
Tundu la pini.
Na pini naijua.
Alikuwa ameketi papo hapo, miwani puani,
akinipunguzia suruali,
hii hii niliyoilowesha sasa magotini.

Nikazungushia kalamu kabla halijanipotea.
Nikashuka orofa tano kwa Ndambuki wa baiskeli.
Akanikatia tyubu, kipande cha shilingi kumi,
kitambaa cha msasa,
gundi kidogo kwenye kifuniko cha soda.
"Sugua kwanza. Nyinyi mnabandika juu ya utelezi
halafu mnakuja kunitukana."
Pesa alikataa.
"Msalimie mama yule."
Mama yupi?
"Yule wa kwenu. Alikuwa akishuka alfajiri
kabla sijafungua, ananyoosha mgongo kwenye benchi langu.
Aliniambia nyumbani kuna joto."

Joto. Mwezi wa saba.

Nilisugua hadi plastiki ikapoteza mng'ao.
Nikapaka, nikaacha gundi ikauke nusu, nikabandika,
nikakandamiza kwa mtungi wa gesi wa kilo sita
na kupika sikupika.

Sasa ni saa nane tena.
Nimeamka mara tatu kulibonyeza kwa kidole.
Limesimama, limejaa pumzi zangu
zenye harufu ya vitunguu vya jana.

Alhamisi anarudi kliniki.
Kitanda nimekitandika, shuka ile ya maua.
Atakataa, namjua,
atazunguka sebuleni akitafuta blanketi lake,
na atanikuta nimeshalala juu ya kiraka,
suruali na viatu vyote,
nikikoroma kwa makusudi.